Kijiti cha Fundi Ubeid

Fikirini bin Mwinyimvua alikuwa mwashi, na kwa majuma mawili katika maisha yake hakujua kama yeye ni fundi au si fundi. Kabla ya hapo alijua. Baada ya hapo watu walijua kwa niaba yake. Lakini yale majuma mawili, nadhani, hayakumtoka moyoni mpaka Mungu alipomchukua.

Alikaa Kariakoo, nyuma ya banda la chuma la soko, katika nyumba ya udongo yenye msingi wa mawe ambao aliujenga mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, mtu wa sala zake tano. Tena alikuwa na tabia iliyomchekesha sana mkewe Siwema. Kila akikaa mahali papya, mkono wake wa kulia ulishuka kiunoni kutafuta kijiti, akapima pale alipokaa. Siku moja alikwenda kumtazama shemeji yake mgonjwa, akapima kitanda. Siku nyingine ilikuwa mazikoni, akajikuta anapima jeneza, akaona haya, akamwomba Mungu msamaha njia nzima ya kurudi.

Kijiti chenyewe kilikuwa cha mninga, kimesuguliwa kwa mafuta ya nazi mpaka kinang'aa. Urefu wake dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Alichongewa na Fundi Ubeid, aliyemfundisha kazi kwa miaka saba. Huyu Fundi Ubeid alikuwa mtu wa ukoo wa Kiarabu, wa watu waliokuja kale na kukaa, na hapakuwa na mwashi wa mawe na chokaa mjini asiyemjua. Alikuwa na kijiti chake alichorithi kwa fundi wake, Fundi Nasor, na kila mwanafunzi aliyehitimu alichongewa cha kwake kwa kukilinganisha na hicho, ncha kwa ncha.

Siku ya kupewa kijiti ilikuwa siku kubwa kama arusi. Mwanafunzi alileta kilemba cha fundi, kitambaa cheupe kisichowahi kuvaliwa, na sinia ya halua. Watu walikaa barazani, ubani ukafukizwa, Fatiha ikasomwa. Kisha mwanafunzi alishika kijiti kwa mikono miwili na kusema mbele za watu kwamba hatapima kazi yake kwa kipimo kingine maadamu fundi wake yu hai, ila kwa ruhusa yake. Hapo fundi alimpa radhi. Na radhi, kwa watu wale, haikuwa maneno ya adabu tu. Ukuta uliojengwa bila radhi ya fundi ulihofiwa hata kama umenyooka.

Fikirini alisema maneno hayo akiwa na miaka ishirini na mbili. Akakaa nayo.

Sasa miaka ikaenda, Mwingereza akakaa mjini, na kazi ikageuka. Chokaa ikaanza kuachwa, saruji ikaingia. Serikali ilikuwa inajenga, na matajiri wa Uhindini nao wanajenga ghorofa, na kila mtu analalamika kwamba mafundi hawatoshi. Ndipo kikafunguliwa kiwanja cha mafunzo kule Gerezani, nyuma ya karakana za reli, wakafundishwa vijana useremala na uashi, na aliyemaliza akapewa cheti. Hilo lilikuwa jema. Ila kuanzia hapo, mtu asiye na cheti hakuandikwa fundi kwenye kazi yoyote ya maana. Aliandikwa kibarua.

Fikirini akawa kibarua. Ana miaka thelathini na sita, nyumba alizojenga zinajaa mtaa, na sasa anabeba karai la saruji kumpelekea mtu aliyeanza kushika mwiko mwaka juzi. Hakulalamika. Siwema ndiye aliyelalamika kwa niaba yake, na alilalamika mpaka kisimani.

Kisha ikatangazwa kwamba mwashi mzoefu ambaye hakusoma kiwanjani anaweza kuja kujaribiwa siku moja. Akijenga sawasawa, ataandikwa fundi kama wenzake. Akishindwa, atapewa nafasi moja tu nyingine. Akishindwa tena, basi, karai.

Katika nyumba ya Fikirini kulikuwa na mpangaji mmoja, Melkiori, seremala wa Kinyamwezi aliyesomeshwa na misheni huko Tabora. Alikuwa na cheti chake, amekifunga kwa kitambaa sandukuni. Siwema ni Mzaramo, kwa hiyo yeye na Melkiori ni watani, na utani wao haukuwa na likizo. Siwema alimwita fundi wa karatasi. Melkiori naye alisema Wazaramo wanajenga nyumba kwa kuikisia, ndiyo maana mvua inawajua kwa majina.

Fikirini alimwuliza Melkiori jambo moja tu: dhiraa ni futi ngapi? Melkiori akajibu bila kufikiri kwamba misheni waliwafundisha dhiraa moja ni futi moja na nusu. Fikirini akashukuru. Hesabu kama hiyo hata asiyesoma anaiweza, na yeye alisoma mpaka la nne.

Siku ya mtihani aliamka mapema, akasali, akaenda Gerezani na mwiko wake, uzi, timazi na kijiti. Waliokuja kujaribiwa walikuwa sita. Msimamizi alikuwa Kalasinga mzee mwenye ndevu nyeupe, mtu mkimya, anasema Kiswahili cha kukata kata lakini kinaeleweka. Akawaambia wajenge pembe ya ukuta kwa tofali. Upande mmoja futi sita, upande wa pili futi nne na nusu, kwenda juu futi tatu.

Fikirini akageuza hesabu kichwani. Dhiraa nne. Dhiraa tatu. Dhiraa mbili. Akapima kwa kijiti, akavuta uzi, akajenga. Mkono wake ulikuwa umeufurahia mwiko kama mtu aliyerudi kwao. Kufika adhuhuri ukuta umesimama, timazi inaanguka bila kugusa, na wenzake wawili wamekuja kusimama kutazama.

Kalasinga akatoa futi yake ya kukunja, ile ya mbao yenye bawaba za shaba. Akapima upande wa kwanza. Akapima tena. Akapima wa pili, akapima kwenda juu, akaandika, akatazama alichoandika. Kisha akamwita msimamizi mwenzake, na wote wawili wakapima upya.

Ukuta ulikuwa mfupi. Futi sita zilipungua inchi tatu. Nne na nusu zilipungua inchi mbili na robo. Tatu zilipungua moja na nusu. Kila kitu kilikuwa kimenyooka, pembe imekaa, viungo vya saruji vimelingana, na kila kitu ni kifupi.

"Miaka thelathini nafanya kazi hii," Kalasinga akasema polepole. "Mtu anakosea hapa, anapatia pale. Wewe umekosea sawasawa kila mahali. Sijaona."

Fikirini hakujua kama amesifiwa au amefukuzwa. Kalasinga akachukua kijiti, akakilaza juu ya futi, akakitazama, akamrudishia kwa heshima. Akamwambia arudi baada ya majuma mawili. Aje na futi. Kijiti akiache nyumbani.

Njia ya kurudi Kariakoo si ndefu, lakini siku ile Fikirini aliipita kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nyumbani alimwambia Melkiori kwamba hesabu aliyompa si ya kweli. Melkiori akatoa futi yake, wakalaza vitu viwili mkekani. Futi moja na nusu ikafika pale, kijiti kikafika hapa. Kilichobaki katikati kilikuwa upana wa kidole kimoja.

"Basi hii futi yako ndiyo ndefu," Siwema akasema.

"Mtani wangu, futi imetoka Ulaya."

"Hata kipindupindu kilitoka mbali."

Fikirini hakucheka. Alikuwa anatazama kile kidole kimoja cha mkeka ulio wazi, na kichwa chake hakikukubali. Kijiti kilijenga nyumba zile. Milango ilifungika. Boriti zilikaa juu ya kuta. Kama kijiti ni kifupi, mbona havikukosana?

Kesho yake akaanza kupima mji. Alipata futi ya kuazima kwa Melkiori, akaitia ndani ya shuka asionekane, na mahali pasipo na watu akaitoa. Akapima msingi wa nyumba yake: mfupi. Akapima mlango wa jirani: mfupi. Akaenda dukani kwa Salem muuza nguo, ambaye siku zote hupima wari kwa misumari miwili ya shaba iliyopigwa mezani. Wari ni dhiraa mbili, kila mtu anajua. Fikirini akaweka kijiti mara mbili, na pakabaki vidole viwili.

Akasimama pale na kijiti mkononi. Miaka yote alikuwa anaona akinunua nguo kwa Salem inamzidi kidogo. Alidhani Salem ni mkarimu. Alikuwa anamwombea dua.

Salem akamwuliza anataka nguo gani. Fikirini akasema anataka kujua misumari ile nani aliipiga. Salem akasema aliipiga babake, na kama kuna anayedai babake alikuwa mwizi aseme wazi. Fikirini akasema hapana, hakuna aliyesema hivyo, ni kinyume chake kabisa. Salem akazidi kukasirika maana hakuelewa kinyume cha mwizi ni nini. Fikirini akaondoka bila nguo.

Jioni akaingia msikiti mdogo waliojenga na Fundi Ubeid mwaka ule wa mvua kubwa. Akasali. Baada ya sala akabaki ameketi, anatazama mihrabu, na futi imo kwenye shuka. Hakuitoa. Alisema moyoni kwamba ya Mungu hayapimwi na watu, kisha akajiuliza kama amesema hivyo kwa imani au kwa woga, akaona hajui.

Lililobaki lilikuwa kwenda kwa Fundi Ubeid. Kutumia futi kulitaka ruhusa, na kuomba ruhusa kulitaka amwambie fundi wake kwamba kijiti chake ni kifupi. Nani angemwambia? Fundi Ubeid alikuwa na miaka sabini na kitu, miguu imemwacha, anashinda barazani kwake akiwatukana mafundi wa saruji wanaopita. Alipenda halua, alipenda habari za watu, na hakupenda kusahihishwa. Mwanafunzi mmoja alimsahihisha hesabu ya boriti zamani, na akaitwa Bwana Hesabu mpaka alipohama mji.

Fikirini alikwenda mara ya kwanza akaishia kuzungumza habari za samaki wa Feri. Mara ya pili alichukua halua, wakaila wote, na akarudi na sahani. Mara ya tatu alifika mpaka kwenye neno lenyewe. Alisema, "Fundi, kuna jambo la kipimo." Mzee akasema kama ni kipimo cha saruji asimtajie, saruji ni unga wa watu wavivu, na akaendelea na hilo mpaka alasiri.

Siwema alichoka. Akamwambia mumewe kwamba atakwenda yeye, atamwambia mzee mbele ya binti yake Hamdiya, na dunia haitapasuka. Fikirini akamsihi asifanye hivyo. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Mara ya nne alimkuta Fundi Ubeid peke yake. Hamdiya alikuwa uani anatwanga. Asubuhi ilikuwa nzuri, upepo unatoka upande wa Mnazi Mmoja.

"Sabalkheri, Fundi."

"Akheri, mwanangu. Leo huna halua?"

"Leo nina neno."

Akaketi chini, si barazani, kama alivyokuwa akiketi miaka ile anajifunza. Akaeleza yote, kwa haraka, macho yakiwa kwenye magoti yake. Mtihani, futi sita, dhiraa nne, Kalasinga. Alisema hakufika kumkosea adabu, na pengine kosa ni la futi, na pengine ni la misheni. Lakini amepima huku na huku, na kila dhiraa moja inapungua kama upana wa...

"Kidole," akasema Fundi Ubeid.

Fikirini akainua macho. Yeye hakuwa amelitaja neno hilo.

Mzee alikuwa ametazama barabarani. Uso wake ulikuwa umebadilika, si kwa hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyesikia hodi ya mgeni aliyesahau kwamba alimwalika.

"Kidole kimoja," akasema tena. "Changu hiki, cha shahada. Nilikilaza nikapima."

Ndipo akasimulia, kwa sauti ya chini ili Hamdiya asisikie, huku kinu kikilia uani. Ilikuwa wakati wa Sayyid, Mdachi hajaja. Wanajenga nyumba ya mawe karibu na Kivukoni, yeye kijana, na Fundi Nasor amempa kijiti chake mwenyewe ashike kwa siku moja kwa sababu alikuwa na homa. Akapanda nacho jukwaani. Kikamponyoka, kikaanguka juu ya jiwe, ncha ikavunjika. Aliiokota ile ncha, akaitupa baharini. Kisha akakaa nyuma ya tanuri la chokaa, akasugua mahali palipovunjika kwa ngozi ya samaki taa yenye kukwaruza, akasugua mpaka pakawa duara kama mwanzo, akapaka mafuta. Fundi Nasor alipopona alikishika, akakigeuza mkononi, akakitia kiunoni. Macho yake yalikuwa yameanza kupungua.

"Nikasema nitamwambia baada ya Idi," Fundi Ubeid akasema. "Kisha nikasema Idi ya pili. Kisha akanirithisha. Mbele za watu, Fikirini. Alilia."

Wanafunzi kumi na mmoja walichongewa vijiti kutoka kwenye kile. Wote kumi na mmoja walikula yamini juu ya kijiti kilichovunjika, na kwa kuwa vyote vilipungua sawa, na maseremala wa milango walipewa kijiti kilekile wapimie fremu, hapakuwa na kitu kilichokataa kuingia mahali pake kwa miaka hamsini.

Fikirini alijaribu kukasirika, hakuweza. Alijaribu kuhurumia, na hilo nalo likaja nusu. Mwisho akauliza lile lililokuwa linamkaba.

"Sasa ile yamini yangu, Fundi. Ilishika?"

"Sijui."

"Nimwulize shehe?"

"Utamwambia nini?"

Fikirini akafikiri. Angemweleza kila kitu, na kesho mtaa mzima ungejua.

"Basi usimwulize," mzee akasema.

"Na futi je? Naruhusiwa?"

Fundi Ubeid akamwita Hamdiya alete kahawa. Ikaletwa. Wakanywa. Mzee akatazama pembe ya baraza yake, ambapo chokaa ilikuwa imemomonyoka na mawe mawili yametoka, akasema pale pamekuwa aibu, watu wanadhani mwenye nyumba amekufa. Akamwambia Fikirini aje aitengeneze, baada ya huo mtihani wake. Kisha akafumba macho, na hapakuwa na la zaidi.

Siwema alimpokea mumewe mlangoni.

"Amekunyima?"

"Hajaninyima."

"Basi amekupa."

"Hajanipa."

"Fikirini, mtu hanyimi wala hatoi, alifanya nini pale?"

"Alikunywa kahawa."

Siri ya ncha iliyotupwa baharini hakumwambia, si siku ile. Alimwambia tu lile la baraza. Siwema akaligeuza geuza, akasema mzee kutaja mtihani kwa kinywa chake ni kukubali. Melkiori akasema si hivyo, kukubali kuna maneno yake. Siwema akasema Wanyamwezi wanataka kila kitu kiandikwe. Wakaendelea hivyo, na Fikirini katikati anamsikiliza huyu akaona ndiyo, anamsikiliza huyu akaona siyo. Usiku alisali rakaa mbili kuomba aonyeshwe njia, na alipoamka alfajiri hakuwa ameota kitu chochote.

Akaenda. Futi ya Melkiori mkononi, kijiti kiunoni, kwa sababu alipojaribu kutoka bila kijiti alirudi kutoka njiani.

Kalasinga alimkumbuka. Akanyoosha mkono kutaka kijiti. Fikirini akamwomba akiweke pale juu ya lundo la tofali, yeye hatakigusa, atakiona tu. Kalasinga akamtazama, akakubali. Pembe ileile. Futi sita, nne na nusu, tatu.

Kuanza tu, kazi ikamkataa. Alipima mstari wa chini kwa futi, akaweka alama, akavuta uzi. Lakini mkono ulipoanza kupanga tofali ulijua wapi pa kuishia kabla hajatazama alama, ukaishia hapo. Akasimama, akapima. Inchi tatu pungufu. Si kijiti sasa, ni yeye. Jicho lake lilikuwa fupi. Hatua yake ilikuwa fupi. Miaka kumi na minne kile kidole kimoja kilikuwa kimemwingia mwilini kama lafudhi.

Wenzake walikuwa wamefika mstari wa nne. Yeye akabomoa wa kwanza.

Akaanza upya, na safari hii hakuliamini jicho. Kila tofali alilipima. Alijenga kama mtu mgeni wa kazi, kwa woga, akitazama alama, akirudi kutazama, jasho linaingia machoni. Haikumfurahisha hata kidogo. Mara mbili mkono ulishuka kiunoni ukakuta pako wazi. Adhuhuri ilipoadhiniwa wenzake walikuwa wanamaliza, naye yuko nusu. Akaenda kusali mbio, akarudi. Alasiri inakaribia ndipo akaweka tofali la mwisho.

Kalasinga alipima polepole, mara moja tu. Futi sita. Nne na nusu. Tatu, na unywele mmoja wa kuzidi. Akakunja futi yake.

"Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi," akasema. "Lakini huu ndio mimi nataka."

Karani alikuwa amekaa kivulini na daftari kubwa. Akaandika jina, Fikirini bin Mwinyimvua, mwashi, fundi daraja la pili. Kisha akauliza amefundishwa wapi, kiwanjani hapa au misheni. Fikirini akasema kwa Fundi Ubeid, Kariakoo. Karani akasema hapo si mahali, anataka mahali. Fikirini akarudia vilevile. Karani akamtazama Kalasinga, na Kalasinga akasema andika alivyosema. Ikaandikwa.

Watu walimpongeza njia nzima. Siwema alipiga kigelegele kimoja tu, akajizuia, akamwambia Melkiori sasa nyumba ina mafundi wa karatasi wawili na hakuna wa kuchota maji. Fikirini alicheka pamoja nao. Lakini hakuketi. Alichukua mwiko na karai, akaenda kwa Fundi Ubeid jua likiwa bado liko juu.

Mzee alikuwa barazani. Hakumwuliza kama ameshinda. Aliuliza, "Walikitaka kijiti?"

"Walikiweka juu ya tofali."

"Hawakukitupa?"

"Hawakukitupa."

Fundi Ubeid akatikisa kichwa, na Fikirini alingoja. Alidhani sasa radhi itatoka, au laana, au neno lolote la kushika. Mzee akaonyesha pembe iliyomomonyoka kwa kidole, kilekile cha shahada.

"Haya, tengeneza."

Fikirini akachanganya chokaa na mchanga. Akatoa mawe mawili yaliyolegea, akasafisha mahali pake. Palihitaji jiwe jipya la kuziba upande wa mbele, nusu dhiraa. Kwa kuwa sasa alikuwa fundi aliyeandikwa, alitoa futi, akapima inchi tisa, akachonga jiwe kwa uangalifu wote. Akalitia. Halikuingia. Lilizidi kidogo tu, kama ukingo wa sahani. Akalichonga, akalitia, likagoma.

Juu yake mzee alikuwa anatazama, na safari hii Fikirini aliona kwamba anajizuia kucheka, au kulia, hakupambanua.

"Nyumba hii nimeijenga kwa kipimo gani?" Fundi Ubeid akauliza.

Fikirini akaelewa. Akaiweka futi chini, akachomoa kijiti, akapima nusu yake penye alama ya kisu. Akachonga jiwe jingine. Likaingia kwa sauti ndogo, likakaa, hata kisu kisingepita.

Wakanywa kahawa. Fundi Ubeid alizungumza habari za watu mpaka magharibi. Habari za ruhusa hazikutajwa siku ile, wala siku nyingine, na mwaka uliofuata mzee akafa, Mungu amrehemu, bila kuzitaja.

Toka hapo Fikirini alitembea na vipimo viwili, futi kulia na kijiti kushoto. Kazi za serikali alijenga kwa futi. Akiitwa Kariakoo kutengeneza nyumba kuukuu, aliingia kwanza kimya, akapapasa mlango, akalaza kijiti kizingitini kuona kama nyumba ile ni ya mmoja wa wale kumi na mmoja. Ikiwa ndiyo, aliiacha futi nje pamoja na viatu.

Na akiulizwa, hata uzeeni, kama fundi wake alimpa radhi kweli, alifikiri sana kabla ya kujibu. Alisema baraza bado imesimama. Akisema hivyo mkono wake ulishuka kiunoni, na mara nyingine ulikwenda kulia, na mara nyingine kushoto.